Hodi Nyuma ya Altare

Hamjambo nyote? Sogeeni, kaeni, midomo ifungwe. Na mlango huo uacheni wazi, asije mtu akabisha katikati ya maneno yangu.

Mfagizi wa kanisa alijifunza kusoma akiwa tayari bibi wa wajukuu wanne. Basi jubilei ilipokaribia, paroko akamchagua yeye, si mwingine, asome historia ya parokia mbele ya watu wote. Alhamisi mchana kweupe alimaliza kudeki, akapanda mimbarini, akaanza kujizoeza, kidole kikifuata mstari.

"Ka-ni-sa la kwanza lilikuwa la miti na udongo. Mlango wake ulikuwa hapa ilipo altare ya sasa."

"Hodi," mtu akasema.

"Karibu!" akajibu bila kuinua macho, kama ambavyo mimi na wewe tungejibu.

Hakuingia mtu. Ndipo akagundua sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka nyuma ya altare, kwenye ukuta mtupu wa zege. Harufu ya udongo uliolowa ikamjia. Na sakafuni, alipotoka kudeki sasa hivi, palikuwa na nyasi za kuezekea, wakati paa la kanisa lile ni la bati.

Alikimbilia kwa shemeji yake, fundi mwashi aliyeujenga ukuta ule.

"Karibu, Mwalimu!" shemeji akamtania, maana tangu bibi aanze kisomo cha watu wazima hakumwita vingine. Alipoisikia habari, mwiko ukamponyoka.

"Uliitika?"

"Shemeji, mimi nimelelewa."

"Sema polepole." Akatazama nyuma. "Lile ni jini, lilikaa pale kabla yetu. Lilibisha kanisa la kwanza, likaitikiwa, watu wakalikimbia. Likabisha la pili, la matofali, likaitikiwa, kanisa likawaangukia waliokuwemo. Hili la tatu tukapaziba pale palipokuwa na mlango kwa ukuta wa zege. Likatubishia kutoka ndani ya zege. Tulikaa kimya mpaka likachoka."

"Kwenye karatasi ya historia wameandika la pili lilianguka 'kwa sababu zisizojulikana'."

"Wameandika walichoweza. Sasa wewe umelifikisha mlangoni. Likiitikiwa tena, linaingia. Likibisha mara tatu bila jibu, linaondoka."

"Nimwambie paroko?"

"Mwambie. Akuone umechanganyikiwa, ampe karatasi mwingine."

Hakumwambia. Miaka yote kabla ya kisomo alishika kitabu cha nyimbo kichwa chini akijifanya anasoma. Karatasi hii asingeiachia.

Jumapili watu walijaa hadi nje, wajukuu wake wanne benchi la mbele. Akasoma bila kukwama hata mara moja.

"Hodi."

Akaendelea kusoma.

"Hodi."

Safari hii kila mtu alisikia, vichwa vikainuka, na yeye akasoma kwa haraka zaidi, harufu ya udongo ikimjaa puani, nyasi zikidondoka moja moja juu ya karatasi na kuficha maneno, yeye akizipangusa kwa kiganja na kusoma tu, la pili, la matofali, kwa sababu zisizojulikana, na nyuma ya shingo yake kitu kikivuta pumzi kama mgeni aliyetembea mbali.

"Hodi," kikasema kwa upole kabisa.

Akauma mdomo mpaka damu. Hakuitika.

Lakini kanisa zima, watu waliolelewa, waliozoea kuitika kwa pamoja, walifungua vinywa, wajukuu wake wakiwatangulia:

"Karibuuu!"

Ufa ukapanda ukutani, ukakata kona, ukashuka. Umbo la mlango.

Mimi naondoka. Nitarudi, ila nikija sitabisha. Nitawaita mmoja mmoja kwa jina. Atakayebisha hodi si mimi.