Babu wa Ndani ya Nta

Kila asubuhi fundi wa maabara alivuta droo ya sampuli na kusema, "Shikamoo, Babu." Ulikuwa utani wa kazini tu. Babu alikuwa kipande cha uvimbe kilichogandishwa ndani ya nta, cha marehemu ambaye hakuna aliyemkumbuka jina. Asubuhi ile Babu aliitikia, "Marahaba."

Sauti ilikuwa ndogo, yenye kikohozi. Fundi alifunga droo, akajicheka, akaenda kuwasha mitambo. Chumba kizima kilinuka nta ya moto, na jiko la kuyeyushia nta lilikuwa bado baridi.

Kazi ya Babu ilikuwa moja. Uvimbe wa mafuta ukishatolewa mwilini, macho peke yake yanaweza kudanganyika, maana kuna saratani inayofanana mno na mafuta ya kawaida. Basi sampuli hupakwa dawa inayotafuta protini fulani. Protini ikiwa imejaa humo, seli hugeuka kahawia, na hapo ni saratani, hakuna tena la kubembeleza. Pembeni huwekwa kipande chembamba cha Babu, ambaye saratani yake ilijulikana zamani. Babu akigeuka kahawia, dawa ni nzima na jibu la mgonjwa linaaminika. Kwa hiyo Babu alikatwa kila siku.

Wiki ile kila sampuli iligeuka kahawia, hata mafuta yasiyo na kosa.

"Dawa imechacha," alisema daktari mkuu wa maabara, mzee mcheshi. Wakafungua chupa mpya. Mambo yakawa yaleyale.

Fundi aliogopa, tena sana. Sampuli ya mdogo wake wa kike, iliyotoka pajani, ilikuwa kwenye foleni. Yakiwa mafuta tu, binti angerudi kwenye shughuli zake. Ikiwa saratani, paja lingefunguliwa upya, na huenda mguu ungekwenda nalo.

Wenzake walipotoka kula mchana, alirudi kwenye droo. Alipoivuta, harufu ya nta ilimpanda puani, ikafuatwa na jasho la mtu aliyefungiwa ndani muda mrefu, na mlango nyuma yake ukajifunga taratibu, na kile kikohozi kikaanza tena, safari hii si drooni bali sikioni kwake, karibu kabisa, hata akahisi pumzi yake shingoni na akashindwa kugeuka.

"Nimechoka kukatwa, mjukuu wangu. Mnaniamkia kila siku, na kunitoa hamnitoi. Nizikeni."

"Babu, nakuomba," alinong'ona. "Bila wewe sitajua la mdogo wangu."

"Basi nikate mara ya mwisho, nitasema kweli. Ila mahali pangu hapakai patupu."

"Sawa, Babu." Hilo la mwisho lilimpita tu. Mlango ukafunguka. Akamkata, akazipaka sampuli zote dawa upya.

Chini ya darubini, sampuli za wengine zilikuwa zimerudi kuwa nyeupe. Babu alikuwa kahawia. Mdogo wake pia.

Alilia, kisha akapeleka majibu. Upasuaji ulifanyika mapema na mguu ukaokolewa. Kisha alimweleza daktari ombi la Babu, na mabaki yake wakayazika nyuma ya maabara. Daktari alishika koleo mwenyewe, na siku hiyo hakutania.

Waliporudi ndani, daktari alisema, "Tunahitaji kipande kingine cha kulinganishia. Cha mdogo wako kina rangi safi. Kitatufaa miaka mingi."

"Hakuna kingine, daktari?"

"Kingine kipi, mwanangu? Wagonjwa wanasubiri."

Alitaka kukataa. Lakini alizijua sura za wanaosubiri, alikuwa mmoja wao juzi tu. Akakitia drooni kwa mkono wake.

Jioni mdogo wake alipiga simu. "Dada, mguu unaendelea vizuri. Ila huku nyumbani nasikia harufu ya nta, sijui inatoka wapi. Na nikifumba macho nakuwa mahali pembamba, siwezi kujigeuza."

"Ni dawa za maumivu, mdogo wangu. Lala."

Asubuhi alivuta droo. Hakusalimia. Akanyoosha mkono kuchukua kipande akikate.

"Shikamoo, dada," droo ikasema.