Shikamoo Isiyoitikiwa

Mama wenzangu, sikilizeni habari za nyumba ya Tekla, huko upande wa Kipalapala, enzi za Mwingereza. Ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi Tekla alitwanga mtama, na bintiye Paskazia alizunguka kinu akiimba.

Amani hiyo iliisha Paskazia alipoanza shule. Hakuweza kukaa. Aliinuka, akachungulia dirishani, akajibu swali kabla halijaisha, akavunja sileti mbili, vile vibao vya kuandikia, kwa wiki moja. Mwalimu Dionis akamwita Tekla mbele ya darasa.

"Mama, huyu umemkalisha juu ya siafu?"

Darasa zima likacheka.

"Mchape, mwalimu."

"Nimechapa mpaka nimechoka mimi. Asipotulia kufika Jumatatu ijayo, namfuta kwenye daftari."

Tekla akaingiwa na hofu. Yeye mwenyewe aliishia darasa la pili, na alitaka mtoto wake apite hapo. Basi akabuni adhabu yake: Paskazia asisemezwe na mtu mpaka atulie. Akapita kwa majirani, akapita kisimani, akawaambia hata watoto, "Msimwitikie."

Kesho yake mtoto akapiga goti. "Shikamoo, mama."

Tekla akaendelea kupepeta.

"Mama, shikamoo!"

Kimya. Kisimani nako, "Shikamoo, Mama Sikuzani!" Wanawake wakainamia ndoo zao. Shuleni wenzake wakasogea mwisho wa benchi. Siku ya kwanza Paskazia alicheka, akidhani ni mchezo. Siku ya pili alilia. Siku ya nne akatulia tuli.

Na Tekla akafurahi. Alifurahi, mama wenzangu! Jumatatu akaenda shuleni kusikia sifa.

"Kutulia ametulia," alisema Dionis. "Lakini nikimwuliza, hajibu. Sileti yake haina hata herufi moja. Mmemfanya nini?"

Tekla akaeleza. Mwalimu akashika kichwa.

"Mimi nilitaka atulie, mama, sikutaka azimike. Tumekosa sote wawili."

Tangu siku hiyo Dionis akamweka benchi la mbele, akawa anamwagiza jambo moja moja. Katikati ya masomo alimpa kazi: futa ubao, gawa sileti, kachote maji. Akamruhusu asome amesimama. Polepole sauti ikarudi. Mwisho wa mwaka hakuna aliyemshinda kusoma.

Nyumbani, ingawa Tekla aliifuta amri yake, sauti haikurudi. Kwa mama yake ilikuwa "ndiyo" na "hapana," basi. Jioni alikwenda kwa Bibi Marcelina, jirani pekee aliyeikataa amri ile, akamsomea huku akizunguka uani. Tekla aliacha kutwanga ili asikie, kwa kificho, nyuma ya ua wa mabua. Akijitokeza tu, mtoto hufunga kitabu.

FUNZO

Mtoto asiyeweza kukaa hafanyi kusudi. Fimbo haimtulizi, na kutengwa kunamvunja. Walimu, mpeni nafasi ya kuinuka, maneno machache, na kazi ya mikono na miguu. Nanyi kina mama, msimnyime mtoto sauti yenu hata siku moja. Yake ikiondoka, hamjui itarudi kwa nani.