Tiki Tatu za Uongo

"Hizi tiki tatu ni za nani?"

Sista Mkuu alikuwa ameshika karatasi ya kitanda namba nne. Saa nne asubuhi wodi ya wagonjwa mahututi ina kelele zake, mashine zinalia huku na kule, lakini swali hilo kila mtu alilisikia.

"Ni zangu," akajibu muuguzi wa zamu.

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Umeweka tiki kwamba mpira wa mkojo umesafishwa na mgonjwa bado anauhitaji. Sasa joto limefika thelathini na tisa na nusu. Maambukizi yameanzia kwenye mpira, yameingia kwenye damu. Ulisafisha, hukusafisha?"

Aliyelala kitanda namba nne alikuwa mama mzazi wa mchumba wake, na harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Pale wodini hakuna aliyejua. Angesema, angehamishwa siku hiyohiyo, na yeye alitaka kumuuguza mkwe wake kwa mikono yake mwenyewe. Mapenzi yana kiherehere, jamani!

"Sikusafisha, Sista. Na huyo mama ni mkwe wangu."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe: "Vipi mama? Nimefika, niko koridoni. Mbona hujibu mpenzi?"

Mwenye ujumbe, nyumbani walimwita Profesa tangu akiwa darasa la tatu. Kazi yake ilikuwa hesabu za nyutrino, chembe zinazotoka kwenye jua na kupenya kila kitu bila kuonekana. Vifaa vyake ni ubao na chaki tu. Alipomwona mchumba wake anatoka, alisimama wima.

"Mama yupo?"

"Yupo. Lakini ana maambukizi kwenye damu, yametokana na mpira wa mkojo. Ni mimi."

"Wewe kivipi?"

"Siku tatu sikuusafisha, nikaandika nimesafisha. Jumanne ulitakiwa utolewe kabisa. Nikauacha."

"Kwa nini?"

Sababu alikuwa nayo. Akaimeza.

"Nakuuliza kwa nini!"

"Nilikosea."

"Sikiliza. Kila sekunde nyutrino mabilioni kwa mabilioni zinampita mama mwilini, haziachi hata mkwaruzo. Mimi nimejifungia na vitu visivyomgusa mtu. Wewe kazi yako ni kumgusa! Maji na sabuni tu! Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi na harusi imeshindikana."

Akampita kama hamjui. Yule dada akabaki ameegemea ukuta, analia bila sauti, mpaka akaitwa kitanda namba mbili.

Siku nne madaktari walihangaika na dawa za kuingiza mshipani. Siku nne hakukuwa na simu wala ujumbe. Siku ya tano joto likashuka, mama akafumbua macho, akamuuliza mwanawe swali moja tu.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Usimtaje, mama. Kidogo akuue."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

Mama akageuzia uso ukutani.

"Nilimshika mkono mimi. Nikamwambia mwanangu usinifunue, ukiniona uchi leo, nikija kula kwenu utanitazama kwa macho gani? Alinibembeleza siku zote tatu. Nikakataa kama mtoto."

"Mbona hakuniambia?"

"Akwambie nini? Kwamba mama yako anaona haya?"

Profesa hakuaga. Alimkuta mchumba wake kwenye ofisi ya Sista Mkuu, anajaza fomu ya maelezo, macho yamevimba.

"Mama ameniambia."

"Haibadilishi kitu. Ningemwita muuguzi mwenzangu amsafishe. Nilimwonea haya mkwe nikamsahau mgonjwa."

"Ulikosea, ndiyo. Sasa nisikilize na mimi." Akavuta kiti. "Mwaka juzi nilikosea alama kwenye hesabu zangu, palipotakiwa kutoa nikajumlisha. Makala ilikuwa imeshachapishwa. Nilijua, nikanyamaza miezi mitano, naomba asigundue mtu. Na hakuna aliyekuwa anaumwa! Wewe umeulizwa mara moja tu ukasema, na ulijua utanipoteza."

"Nilijua."

"Nilikutukana kwa uchungu. Nisamehe."

"Umeniumiza sana."

"Najua. Bado nakutaka. Wewe je?"

Yule dada akaisukuma ile fomu mbele ya Profesa. Ilikuwa imejaa yote, kasoro mstari mmoja: *Uhusiano wako na mgonjwa.*

"Sijui niandike nini hapo," akasema. "Siku tano zote sijui."

Profesa akachukua kalamu. Akaandika: *Mkwe.*

Yule dada akalisoma neno lile mara mbili. Kisha akaweka sahihi yake chini.

Sista Mkuu alikuwa mezani kwake muda wote, anajifanya anapanga mafaili. Akaivuta fomu, akaipiga muhuri.

"Adhabu iko palepale," akasema. "Umesimamishwa wiki mbili, ukirudi unaanzia wodi ya watoto. Ila saa ya kutazama wagonjwa imefika. Vua hilo gauni la kazi, nenda kamwone mama mkwe wako."