Wajawazito Waliokataa Kukaa

"Sema tu viti vyangu vina kunguni," alisema Mama Redio. "Sema, watu wasikie."

Watu walikuwa wanasikia tayari. Mama huyu hakuitwa Redio bure. Akizungumza jikoni kwake, mtaa mzima unapata habari. Aliyekuwa anasemwa ni jirani yake, fundi cherehani, mwenye mimba ya miezi minane. Fundi alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akijibu kwa upole kwamba viti ni vizuri, ila yeye amezoea kusimama.

"Fundi cherehani gani amezoea kusimama? Jana nimekupa chakula, umekataa. Leo nakupa kiti, unakataa. Shoga, kama kuna neno, nipe."

Neno lilikuwepo, ila halisemeki. Fundi alikuwa na bawasiri. Vivimbe vilikuwa vimetokea kwenye njia ya haja kubwa, vinawasha na kuuma. Kukaa kulikuwa adhabu. Kwenda chooni kulikuwa vita, na mara moja aliona damu. Hata mumewe hakujua. Fundi alijitibu mwenyewe kwa siri, akapaka dawa ambayo mumewe huchulia magoti. Ikawaka moto. Aliruka uani kama kuku aliyekanyaga makaa, na mumewe akamsifu kwa kufanya mazoezi.

Basi akabuni dawa nyingine. Kisichoingia hakitoki, alijiambia. Akaacha kula, akapunguza na maji. Hesabu ilikuwa nzuri, ila alimsahau mmoja aliyekuwa tumboni akisubiri chakula.

Pale mlangoni ndipo kizunguzungu kilipomshika. Mama Redio akasahau ugomvi, akamdaka, akamtua kwenye kiti kwa nguvu zote za mtu mwenye nia njema. Fundi aliruka mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka.

Hapo hapakuwa tena na la kuficha. Alimnong'oneza jirani yake sikioni, machozi yakimtoka. "Ukitangaza, nahama mtaa."

Mama Redio akapunguza sauti, jambo ambalo mtaa ule ulikuwa haujawahi kulisikia. Alisema atatangaza nini, na yeye mwenyewe alikuwa nayo mimba zake zote? Akamnywesha uji, akamshika mkono, wakaenda zahanati.

Kule walikuta kioja. Benchi la wajawazito lilikuwa tupu, na wajawazito wenyewe wamejipanga ukutani, wamesimama. Mmoja alidai anapunga upepo. Mwingine ananyoosha miguu. Mama Redio aliwatazama mmoja mmoja, kisha redio ikawaka.

"Wanangu, nani hapa ana bawasiri?"

Fundi alitamani sakafu immeze. Kisha mwalimu wa shule, mwanamke wa miwani na heshima zake, akanyoosha kidole kama mwanafunzi wake. Muuza mboga akafuata. Wa tatu alicheka huku ameshika tumbo, akanyoosha mikono yote miwili.

Mkunga akatoka chumbani kuuliza kicheko ni cha nini. Alipoambiwa, alisimama nao papo hapo. Alieleza kwamba huu si ugonjwa wa uchafu wala wa aibu. Mtoto akikua, uzito wa tumbo hukandamiza mishipa ya damu ya huko chini, nayo huvimba. Choo kigumu na kujikamua huzidisha.

"Kwa hiyo mtu akiacha kula," Fundi alianza.

"Choo kinakuwa jiwe," mkunga akamalizia. "Na mtoto anafungishwa saumu bila kuulizwa. Kula, dada. Maharage, mboga za majani, matunda. Maji ya kutosha. Haja ikibisha hodi, fungua; usiiambie irudi kesho."

Aliwaambia pia wakae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi hivi, mara mbili au tatu kwa siku. Wajisafishe kwa maji, wajikaushe taratibu bila kusugua. Wasikae wala kusimama muda mrefu. Watembee kidogo, na wakilala walalie ubavu. Vidonge vya kuongeza damu huweza kufanya choo kiwe kigumu, lakini wasiviache kimyakimya, waje waseme. Dawa yoyote, ya dukani au ya majani, waulize kwanza. Na anayeona damu, hata kidogo, aje apimwe siku hiyohiyo.

Kisha akampima Fundi na kusikiliza mapigo ya mtoto. Mtoto yuko salama, alisema, ila mama yake ale. Akampa dawa ya kupaka inayofaa kwa mjamzito. Alipoambiwa habari ya dawa ya magoti, aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Nyumbani, Fundi alimweleza mumewe. Mume alitoka, akarudi na beseni la kutosha kuogeshea mapacha. Fundi akawa anashona kidogo, anatembea kidogo. Maumivu hayakuisha siku moja, lakini yalilegea, na chooni akawa anakwenda bila machozi. Aliporudi zahanati, mkunga alimpima uzito, akatabasamu. Alimwambia kwamba mara nyingi vivimbe hivyo hunywea mama akishajifungua.

Sasa shida ya nyumba ile ikawa sufuria dogo. Mchana mmoja, maharage yameiva, Mama Redio alichungulia mlangoni akisema anatafuta kuku wake. Mtaa mzima ulijua hafugi kuku.

"Kuku gani, shoga," alisema Fundi, mdomo umejaa. "Nawa mikono uingie tule, kabla sijamaliza peke yangu."