Jumapili ya Kanali

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda, Aliga alimpakia punda wake madumu mawili ya maji na kumwongoza hadi Oraba, mpakani. Ulikuwa mwendo wa saa moja. Punda huyo aliitwa Kanali. Madereva wa malori ndio waliompa cheo hicho, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumharakisha.

Maji yalikuwa ya jikoni kwa Pasca, mke wa Aliga, aliyewapikia madereva chai, maharage na ugali wa muhogo. Zamani Pasca aliyabeba maji hayo mwenyewe, kichwani. Aliyabeba kwa miaka kumi na minane, hadi asubuhi moja mkono wake wa kulia ulipokufa ganzi na shingo ikakataa kugeuka. Hospitalini mjini Arua alifundishwa mazoezi ya shingo kwa miezi mitatu. Akaambiwa pia jambo moja bila kuzungushwa: akibeba tena dumu kichwani, mkono ule huenda usirudi.

Ndipo Aliga alipomnunua Kanali. Tangu siku hiyo punda hakuwa mnyama wa mizigo tu. Alikuwa ndiye shingo ya Pasca.

Aliga aliiheshimu Jumapili, na alitaka punda wake aiheshimu pia. Jumamosi jioni alimfunga kwenye kigingi nyuma ya nyumba, kwa kamba ya hatua mbili, asije akazurura na kujichosha siku ya Bwana. Tangu mavuno, Pasca alikuwa akipika kwete Jumamosi. Machicha yake, yaani mahindi yanayobaki pombe ikishachujwa, alimpa Kanali beseni zima. Yalikuwa shukrani kwa kazi ya wiki. Kanali alikula, akasimama, akala tena. Hakuna aliyeona kosa. Nia njema ni nadra kukaguliwa.

Kwa mawazo ya Aliga, punda aliyepumzika siku nzima alikuwa na nguvu za siku mbili. Kwa hiyo Jumatatu moja alimpakia madumu manne.

Njiani Kanali alianza kutoka jasho, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Karibu na Oraba, hatua zake za nyuma zilikuwa fupi kama za mtu aliyefungwa miguu. Zilipobaki hatua kumi kufika jikoni, alisimama. Aliga alivuta kamba. Alisukuma. Aliinua fimbo.

Kisha Kanali akakojoa, na fimbo ikabaki juu.

Mkojo ulikuwa mweusi. Ulikuwa na rangi ya kahawa isiyo na maziwa, na ulitiririka polepole kwenye vumbi hadi kwenye viatu vya Aliga. Hakuvisogeza.

"Mama Jovia," aliita kwa sauti ndogo. Jovia ni binti yao, ambaye anasoma shuleni Ediofe. "Mama Jovia, kuja uone."

Pasca alikuja na mwiko mkononi. Alitazama chini, akamtazama punda, kisha mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye shingo yake.

"Hii ni damu?"

"Mimi sijui hii ni nini."

Serge, Mkongomani aliyeuza vitenge jirani na jiko, naye alifika. Alikuwa mtu wa maoni mengi.

"Huyu nyama iko na pepo," alisema. "Hapana sukuma. Kwetu Aru, ng'ambo ya mpaka, tunachoma. Unaweka chuma ndani ya moto, inakuwa nyekundu, unachoma hapa kwa kiuno mara tatu. Ugonjwa inatoka na moshi."

"Umeona punda akipona hivyo?" Pasca aliuliza.

"Batu wote wanajua."

Hilo halikuwa jibu, lakini Aliga alikuwa na hofu, na mwenye hofu hupokea chochote kinachofanana na jibu. Alichukua kipande cha nondo, akakiingiza kwenye makaa ya jiko la Pasca. Dakika chache baadaye ncha yake ilikuwa nyekundu. Aliikamata nondo upande wa pili, kwa kitambaa kilicholoweshwa. Kanali alimtazama, hakusogea. Hakuweza.

"Weka chini hiyo chuma, mzee."

Aliyesema alikuwa mwanamke kijana mwenye buti za mpira, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri chai. Jina lake lilikuwa Harriet. Alifanya kazi ya afya ya mifugo Koboko, na siku hiyo alikuwa njiani kwenda kuchanja mbuzi.

"Wewe ni daktari?" Aliga aliuliza.

"Mimi ni msaidizi wa daktari. Lakini kumchoma mgonjwa sijafundishwa. Weka chini, tafadhali. Na toa hizo dumu hapo hapo alipo. Asitembee hata hatua moja."

Aliga aliiweka nondo chini. Madumu yaliposhuka, Harriet alimshika mkono, akauweka juu ya paja la nyuma la punda.

"Unasikia nini?"

Aliga alibonyeza. Nyama ilikuwa ngumu kama mlango. Ilitetemeka chini ya ngozi, na Kanali akatoa pumzi ndefu ya maumivu. Aliga aliondoa mkono haraka. Miaka minne alikuwa akimpakia mnyama huyu, na hakuwahi kumshika pale.

"Jana alifanya kazi gani?" Harriet aliuliza.

"Jana ilikuwa Jumapili," Aliga alisema kwa heshima. "Alipumzika."

"Alipumzika namna gani?"

"Nilimfunga."

"Kamba urefu gani?"

"Hatua mbili."

"Tangu lini mpaka lini?"

"Tangu Jumamosi jioni mpaka leo asubuhi."

"Na alikula nini?"

Hapo Pasca alijibu, na alijibu polepole, kama mtu anayeanza kuona anakopelekwa. "Machicha. Beseni nzima."

"Na leo mmempakia dumu nne."

Madumu yalikuwa pale, yote manne.

"Sikilizeni," Harriet alisema. "Punda akila nafaka nyingi, misuli yake inaweka akiba. Akitembea, anaitumia. Sasa huyu ametumia nini? Alisimama siku nzima. Leo mkamshtua na mzigo mara mbili. Misuli ikakaza, ikashindwa kulegea, ikaanza kupasuka ndani. Huo mkojo si damu, mama. Ni rangi ya nyama yake mwenyewe."

"Nyama yake inatoka kwa mkojo?"

"Ndiyo. Na ikiziba figo, anakufa."

Pasca alikaa kwenye benchi. Aliga alibaki amesimama, akiitazama ile alama nyeusi kwenye vumbi. Alikuwa tayari kupambana na pepo, na alikuwa tayari kumpambania punda wake dhidi ya wachawi wa vijiji vyote vya mpakani. Hakuwa tayari kwa kamba yake mwenyewe na beseni la mke wake.

"Kwa hiyo ni Jumapili imemwangusha?" alisema hatimaye.

"Jumapili haina kosa, mzee. Kosa iko kwa kamba, kwa beseni, na kwa hizo dumu."

"Nimkande? Nimtembeze polepole, alegee?"

"Leo hapana. Misuli imepasuka, ukiikanda leo unaiponda. Ukimtembeza, inapasuka zaidi. Leo ni kivuli, maji kidogo kidogo, na daktari."

Harriet alipiga simu Koboko. Dereva mmoja alitoa turubai la lori, wakalitandaza kama paa juu ya Kanali pale pale kando ya barabara. Daktari alifika na pikipiki, akamchoma sindano ya maumivu, akamtundikia maji ya dawa kwenye kioo cha lori. Hakutoa ahadi yoyote. Alisema tu kwamba mkojo ndio utakaosema.

Siku ya kwanza mkojo ulibaki mweusi. Siku ya pili ulikuwa kama chai kali. Aliga alilala pale barabarani siku zote hizo, na kila ulipotoka aliinama na kuuchungulia. Serge alimwuliza kama sasa amekuwa mpimaji wa maabara. Siku ya nne ulikuwa wa njano, na Aliga alimwita mkewe aje auone, kama alivyomwita Jumatatu.

Maji ya jikoni wakati huo aliyabeba Aliga, dumu moja moja, begani. Jioni ya siku ya tatu hakuweza kuinua mkono kuvua shati.

"Kumi na minane," Pasca alimwambia akimsaidia vifungo.

"Nini kumi na minane?"

"Miaka."



Kanali alirudishwa nyumbani kwa gari. Wiki moja alikaa kwenye zizi pana lenye majani makavu na maji. Kisha Harriet alikuja, akamgusa mapaja, akaona yamelainika na hayaumi.

"Sasa," alisema, "mikono."

"Mimi nikande punda?" Aliga aliuliza. "Watu wataniona."

"Walikuona na chuma ya moto. Hiyo haikukuletea aibu?"

Pasca alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. "Acha, Baba Jovia. Mimi nilikandwa hivi Arua. Njia naijua."

Alianza shingoni, kwa kiganja kilichofunguka, akishuka taratibu kuelekea begani. Harriet alimwelekeza. Afuate misuli ya pande mbili za uti wa mgongo, lakini asibonyeze mfupa. Akifika kwenye mapaja, atumie sehemu nene ya chini ya kiganja, mizunguko mikubwa, polepole, bila mafuta ya aina yoyote. Penye kidonda au joto, asiguse.

"Nitajuaje kama inamwuma?" Aliga aliuliza.

"Anakuambia. Masikio yakirudi nyuma, mkia ukipiga, ngozi ikiruka, umezidisha. Punguza. Mdomo wa chini ukilegea, endelea."

Aliga aliweka mkono. Mdomo wa chini wa Kanali ulining'inia. Aliga aliutazama kwa muda mrefu, akiwa na sura ya mtu aliyesemeshwa na kiti chake.

Kisha Harriet alitoa maganda ya ndizi. Alishika ganda moja karibu na bega la punda, na Kanali akakunja shingo kulifuata. Lililofuata alilishika nyuma zaidi, karibu na mbavu. Kanali akajipinda, akalipata. Mara tatu upande huu, mara tatu upande ule.

"Usimvute," Harriet alionya. "Ajinyooshe mwenyewe, mpaka anapofika. Kesho atafika mbali zaidi."

"Ni ile yangu ya shingo," Pasca alisema. "Ila mimi hawakunipa ndizi."

Siku ya kwanza walimtembeza dakika tano, mgongo mtupu. Waliongeza dakika chache kila siku. Wiki ya tatu daktari aliruhusu mzigo mwepesi, maji ya dumu moja yaliyogawanywa sawa kwa madumu ya pande mbili, na baada ya wiki sita Kanali akarudia madumu yake mawili. Manne hayakutajwa tena. Kila asubuhi Aliga alimkanda, akampa maganda yake, akamzungusha bila mzigo robo saa misuli ipate joto, ndipo akampakia. Wakifika, alimtembeza tena mtupu kabla ya kumwacha asimame. Machicha yalikwenda kwa nguruwe wa jirani. Nondo ilikwenda kushikilia mlango wa zizi.

Serge aliyaona yote hayo, akawa na maoni.

"Mutu mzima anasinga punda kama bibi harusi," aliwaambia madereva. Siku chache baadaye alisogea karibu na Pasca, akashusha sauti. "Mama, na mimi kiuno inanisumbua. Naweza kungoja foleni nyuma ya Kanali?"

"Wewe tunachoma," Pasca alisema. "Batu wote wanajua."

Ilibaki Jumapili. Hiyo Aliga aliifikiria kwa muda mrefu kuliko mambo mengine yote, kwa kuwa ilimgusa mahali ambapo hakupenda kuguswa. Hatimaye aliifungua ile kamba ya hatua mbili kutoka kwenye kigingi, akaikata vipande na kuvitumia kufungia kuni.

Jumapili iliyofuata, watu waliokuwa njiani kwenda kanisani walimwona Aliga akitembea amevaa koti lake jeusi, Pasca kando yake, na nyuma yao Kanali, mgongo mtupu, akila nyasi za barabarani kila alipotaka. Pasca alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani, na juu ya kitambaa hakukuwa na kitu. Serge alisimama mlangoni kwake, ameduwaa.

"Aliga, wewe mutu wa Mungu. Siku ya Bwana unatembeza punda?"

"Simtembezi," Aliga alisema, bila kupunguza mwendo. "Anapumzika."