Mafuta ya Rouvel

Simu iliita kwenye mgahawa wa stesheni ya Nancy. Marchais, jasusi wa Ufaransa, akaipokea, mkate mdomoni.

"Ndege haina moyo," ilisema sauti kutoka Paris.

"Umekwenda wapi?"

"Mpakani. Kwenye lori la Berliet. Kumbuka, moyo huo unakunywa mafuta ya nyonyo tu."

"Nikishindwa kuurudisha?"

"Uzime."

Moyo ulikuwa injini ya Edmond Rouvel, ile inayozunguka yenyewe pamoja na pangaboi. Jeshi la Ufaransa lilikuwa limeichagua. Aliyeiiba ni mhandisi Gaspard Thévenot, aliyesoma na Rouvel. Yeye pia alikuwa na injini yake. Jeshi liliitazama, likasema asante. Tangu siku hiyo, ukimtajia Rouvel, chakula hakishuki.

Marchais alipita duka la dawa, akanunua chupa zote za mafuta ya nyonyo. Muuzaji alimwonea huruma, akamwonyesha choo kilipo.

Akaruka kwenye pikipiki yake, Peugeot, akafuata alama za tairi za lori hadi kwenye banda moja shambani.

Akachungulia.

Injini ilishafungwa kwenye fremu, Thévenot kando yake. Mnunuzi, Mjerumani aitwaye Kessling, alikuwa anasema hachukui kitu kabla hajakiona kikizunguka. Walinzi wake wawili walishika bunduki za Mauser.

Marchais aliiacha bastola yake, Browning, mfukoni. Akaingia mlango wa mbele na chupa zake, akajitambulisha kuwa fundi wa Rouvel, naye anataka mgawo.

"Mhandisi, umesahau mafuta. Bosi anasema injini yake haiendi bila nyonyo."

"Bosi gani? Huyo aliyekuwa ananakili hesabu zangu darasani?"

"Mimi nakupa alivyosema. Kasema wewe hata ungepewa miaka kumi, usingelijua hilo."

Kessling akauliza kama ni kweli.

Mhandisi akazitazama chupa.

Thévenot akiikubali nyonyo tu, injini inavuka mpaka, na siku moja marubani wa Ufaransa watakutana nayo angani. Kidole cha Marchais kiligusa Browning.

Thévenot akazipiga chupa teke.

"Mafuta ya kuharisha! Mashine ni mashine. Naiwasha kwa mafuta ya kawaida, na itaenda kuliko alivyowahi kuiendesha yeye."

Ikaunguruma. Banda likatetemeka.

Lakini injini ile petroli yake hupita tumboni, na petroli huosha mafuta ya kawaida yote. Nyonyo haioshwi.

Moshi.

Vyuma vikalia.

Silinda moja ikang'oka, ikatokea kwenye paa.

Kessling alifuta masizi kwenye masharubu. Akasema kama hiyo ndiyo injini bora ya Wafaransa, wabaki nayo. Akaondoka na Mauser zake.

Thévenot alikuwa anacheka. Anacheka kweli, machozi yanamtoka.

"Si nilisema? Si nilisema Rouvel hajui kitu?"

Alicheka hadi pingu za Marchais zilipolia mikononi mwake. Askari wa mpakani walipokuja kumchukua, alikuwa na swali moja tu.

"Kweli alisema hivyo? Kwamba hata miaka kumi nisingejua?"

Marchais alipiga teke Peugeot, ikawaka.

"Rouvel? Sijawahi hata kuonana naye."