Berit Hahami

Kila asubuhi Berit Sorlie aliwapa ng'ombe nyasi kavu na kuvunja barafu kwenye hori la maji. Kisha alirudi ndani kumkaangia mumewe mayai. Mumewe, Orrin, alikuwa amepasuliwa mgongo. Kila Jumanne Berit alimpeleka mjini kwa mazoezi ya viungo.

Gari lao lilikuwa pikapu kubwa ya kuvuta tela la ng'ombe. Ikiwa na mzigo, ilitulia. Ikiwa tupu, ilirukaruka kama fahali asiyetaka kupandwa. Kwenye barabara ya changarawe Orrin aliuma meno hadi machozi yakamtoka.

Jumanne moja aligoma. "Siendi. Daktari ananitengeneza, gari linanivunja."

Bila mazoezi, mgongo ulizidi kukakamaa. Jumapili mtoto wao Garth alikuja kutoka mjini.

"Mama, nimewatafutia nyumba karibu na hospitali. Uzeni ng'ombe, mhame."

"Nihame kwa sababu gari linaruka?" Berit alisema. "Nyumba hii imeshinda baridi za Montana tangu enzi za babu yako. Sihami!"

"Basi nipunguze vyuma vya springi za nyuma. Litalainika."

"Thubutu!"

Aliyesema hivyo ni jirani yao, Delphine Azure, aliyekuja kurudisha tandiko la farasi. Alikuwa amesafirisha farasi kwa gari la namna ile miaka mingi.

"Springi hizo ndizo zinazobeba mzigo," alisema. "Ukizipunguza, siku ya tela gari litakaa kitako. Kwanza tupime upepo."

Alipima tairi, akaguna. "Nani kajaza hivi?"

"Mimi," Orrin alijibu kutoka barazani. "Upepo mwingi ndio usalama."

"Kwa mzigo, sawa. Lakini gari tupu juu ya tairi ngumu ni sawa na kupanda jiwe, mzee wangu."

Delphine alifungua mlango wa dereva. Kibandiko cha kiwandani kilionyesha vipimo viwili: cha gari lenye mzigo na cha gari tupu. Akapunguza upepo hadi kipimo cha gari tupu.

"Msishuke chini ya hapa," alionya. "Tairi ikilegea mno hupata joto, ikapasuka. Pimeni tairi zikiwa baridi, kabla gari halijatembea. Na kabla ya kufunga tela, rudisheni upepo wa mzigo."

Kisha akachungulia chini ya gari. "Mnaona mafuta haya? Shokapu zinavuja. Springi huruka, shokapu huituliza. Hizi zimekufa."

Shokapu mpya zilipopatikana kesho yake, Berit alitandika gunia, akajilaza chini ya gari.

"Mama, kwa umri huo!" Garth alisema.

"Umri wangu umekuita? Lete spana."

Jumanne ilipofika, Berit alimkalisha Garth kiti cha nyuma. "Leo utashuhudia mwenyewe."

Pikapu haikugeuka kuwa gari dogo la mjini. Bado ilitikisika. Lakini haikurusha watu tena. Walipovuka reli, mahali alipozoea kuuma meno, Orrin alikuwa akilalamikia bei ya mbolea.

"Baba, unaumia?" Garth aliuliza.

"Ninaumia nikikusikia ukitaja ile nyumba."

Garth hakuitaja tena.

Orrin hakukosa Jumanne nyingine hata moja. Majira ya kupeleka ndama mnadani yalipofika, alikuwa anatembea kwa fimbo moja. Berit alijaza upepo wa mzigo, akafunga tela, wakapakia ndama. Orrin akakokota mguu hadi mlango wa dereva, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo. Nimepona."

"Umepona kukaa, si kuendesha," Berit alisema, akipanda na kuwasha gari. "Zunguka upande wa pili, twende."